Tundu la Chaji na Bosi wa Zamani

"Haichaji, haiwaki," binti alisema, akaiweka laptopu mezani. "Na kesho saa tatu natetea utafiti wangu chuoni. Kila kitu kimo humu."

Fundi, mwanamke wa makamo, alipima chaja kwa mita. Umeme ulitoka vizuri. Akachomoa betri, akabana kitufe cha kuwashia huku akihesabu hadi thelathini, kisha akachomeka chaja peke yake. Kimya. Hata kile kitaa cha pembeni hakikupepesa. Akafungua skrubu za chini, akainamia tundu la chaji.

Hapo mkono wake ukasimama.

Tundu lilikuwa limeshalehemiwa. Risasi ya kulehemia ilirundikwa donge juu ya donge, na bodi ilikuwa imeungua pembeni. Kazi ile aliijua kama mtu anavyojua mwandiko wa mzazi wake.

"Nani aliifungua hii?"

"Baba. Naye ni fundi, ila siku hizi macho yanamsumbua."

Miaka kumi na moja nyuma, baba huyo alikuwa bosi wake. Aliunguza bodi ya kompyuta ya wakili mmoja, na wakili alipokuja juu, bosi akamsukumia lawama yeye, msaidizi wake pekee. Alifukuzwa mbele ya wateja. Mtaa mzima wa mafundi ukambandika jina la Mchoma Bodi, na miaka miwili akaishi kwa kufua nguo za watu. Mama yake alikufa akiamini kwamba mwanawe alivuruga kazi kwa uzembe.

Fundi akarudisha kifuniko. "Mwambie baba yako aje. Bila yeye siigusi."

"Fundi, tafadhali, muda wenyewe..."

"Aje."

Mzee alifika baada ya nusu saa. Alipomwona fundi, aligeuka atoke. Binti akamshika mkono.

"Shikamoo, bosi. Karibu kiti."

Kwenye benchi walikuwapo wateja watatu wakisubiri zamu. Hilo lilimfurahisha fundi.

"Nitaitengeneza. Lakini kwanza waambie hawa, bodi ya wakili aliiunguza nani?"

Mzee akajikohoza. "Hayo ni ya zamani, binti yangu."

"Mimi si binti yako. Binti yako huyu hapa, na kesho saa tatu si mbali."

"Ni mimi," mzee alinong'ona.

"Wale wa kwenye benchi hawajasikia."

"Ni mimi niliyeiunguza. Nikamsingizia yeye."

Binti alimkazia macho. "Baba, nyumbani ulituambia alikuwa mwizi."

Hilo fundi hakuwa akilijua. Akasukuma karatasi na kalamu upande wa mzee. "Kumbe na wizi pia. Andika yote mawili, uweke sahihi."

Mzee aliandika. Fundi akaipiga picha karatasi, akaituma kwa wakili yule, ambaye namba yake alikuwa bado nayo, na kwenye kundi la simu la mafundi wa mtaa. Simu ya mzee ikaanza kulia mfukoni, ujumbe juu ya ujumbe, naye akakaa akiisikiliza bila kuigusa.

Ndipo fundi akawasha chuma cha kulehemia. Akafyonza risasi ya zamani, akaunga njia iliyokatika kwa uzi mwembamba wa shaba, akafunga tundu jipya. Kitaa kikawaka. Binti akashukuru akiwa ameinamisha macho, akaibeba laptopu yake, akatoka bila kumsubiri baba yake.

Mzee alihangaika kuinuka kitini. Fundi hakumpa mkono. Huruma hakuiona moyoni mwake, wala hakuitafuta. Alimwita mteja wa kwanza pale kwenye benchi, akamuuliza simu yake ina tatizo gani.