Ziara Huishia Kisimani

Wageni niliwaambia kwamba Gazi ilikuwa mji mkuu. Wakicheka, niliwaacha wacheke. Walichokiona ni nyumba za makuti, mbuzi waliolala juu ya msingi wa jengo lililobomoka, matope meusi ya mikoko maji yakiwa yametoka, na mimi hapo katikati, nimevaa shati la kuazima, nikiwapigia habari za mji mkuu. Lakini sikuwa ninadanganya. Zamani mtawala wa pwani hii ya kusini alikaa hapo, na neno lililokatwa ukumbini mwake lilifuatwa mbali sana. Mji huweza kuwa mkuu, kisha ukawa si kitu. Mwaka ule sikuhitaji mtu anieleze jambo hilo, maana na mimi nilikuwa nimekuwa si kitu.

Nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani. Zilipokuja fujo za mwaka wa tisini na saba, watu wakauawa na nyumba zikachomwa, watalii waliondoka kama walioitwa na mama zao. Hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine, hata vyura wakazaa katika mabwawa ya kuogelea. Juu ya hayo zikaja mvua za El Nino, zikakata barabara. Nilirudi nyumbani Gazi na mfuko mmoja wa nguo, nikawa ninakula mkononi mwa dada yangu, mwanamume mzima wa miaka ishirini na mitatu.

Hoteli ile ilipofunguliwa tena nusunusu, nilipewa kazi ya kutembeza wageni. Kazi hiyo niliirithi kwa mtu wa bara aliyekuwa akiifanya kabla yangu. Duka la mkewe pale Ukunda lilikuwa limechomwa, na siku aliyokuwa akipakia magodoro kwenye lori alinikabidhi daftari lake.

"Shika hii, buda," alisema. "We ndio mtu wa huku, utaiweza poa kuliko mimi."

Sikumwuliza anakwenda wapi. Nilikuwa nimefurahi kupata daftari, na ninalisema hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ndani yake alikuwa ameandika ziara yote ya Gazi kwa mpangilio: kwanza misingi ya forodha ya zamani pale ufukoni, kisha nyumba kubwa ya mtawala, kisha msikiti kwa nje tu, kisha makaburi, mwisho kisima. Penye kisima alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Dakika mbili. Usikae hapa, wenyeji hawapendi." Niliposoma nilicheka. Nilijiambia, mtu wa bara atanifundisha nini juu ya kisima cha kwetu?

Sasa nimtaje dada yangu, kwa maana habari hii ni yake kuliko yangu. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka saba na yeye kumi na sita. Baba alikuwa amekwisha tangulia. Dada alinilea kwa kuuza mahamri asubuhi na kusuka makuti mchana. Wachumba walikuja akawarudisha, akisema mtoto huyu nitamwachia nani, mpaka wakaacha kuja. Alipofika miaka thelathini na miwili watu walikuwa wamekwisha kumtoa katika hesabu. Ndipo akatokea mwalimu mmoja wa Msambweni, mjane, mtu mpole mwenye viatu vilivyopigwa rangi hata siku ya matope. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kukaa barazani na ami yetu, wakazungumza habari za mvua na bei ya sukari, na dada yuko nyuma ya mlango anacheka. Sijapata kumsikia akicheka vile kabla ya hapo.

Posa ilikubaliwa. Wakaleta sinia lenye kanga, udi na ubani, na akdi ya ndoa ikawekwa baada ya Idd. Dada alilificha sinia chini ya kitanda chake. Mara nyingine niliingia nikamkuta ameinama, amefunua kitambaa kidogo, ananusa.

Kwetu watu wanapoposa huuliza ukoo. Wazee hutaja mababa watatu, wa nne wakimkumbuka, kisha husoma Fatiha na chai huletwa. Mama hawaulizwi. Si kwamba watu hawajui. Gazi ilikuwa mji wa bwana na watumwa wake, na waliokuwa wakibeba maji na kukata boriti hawakuyeyuka. Walizaa, na waliozaliwa ndio sisi, au nusu yetu. Kila nyumba inajua yake, na inajua ya jirani pia. Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Ila halisemwi. Mwenye kulisema la nyumba yake amewavua nguo watu wake wote, walio hai na waliokufa.

La nyumba yetu niliambiwa na nyanya, mzaa mama, katika ugonjwa wake wa mwisho, nikimshikia kikombe cha uji. Nyanya yake yeye aliletwa akiwa msichana kutoka upande wa Nyasa, akawa mteka maji wa nyumba kubwa. Bega lake moja lilikuwa limeshuka kwa mitungi. "Likae hapa hapa," nyanya aliniambia, akanigusa kifuani. Nikasema litakaa.

Siku yenyewe mgeni alikuwa mmoja tu, mwanamke wa Kizungu, mzee, mwenye fimbo. Aliletwa kwa gari la hoteli, na dereva wa gari alikuwa mjomba wake yule mwalimu. Nilikwisha kumwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, nikaona kheri iliyoje kufanya kazi na mkwe mtarajiwa. Aliegemea mlango wa gari kama kawaida yake. Dereva ni mtu unayemzoea ukamsahau.

Nilianza forodhani. Mgeni alitazama mawe, akatazama saa. Nilimpeleka nyumba kubwa, nikamwonyesha mlango wa nakshi na kuta nene za matumbawe, nikamweleza mbao zilivyokuja na nani alikaa upande gani. Alipiga miayo bila kuziba mdomo. Msikitini hakuuliza neno. Makaburini alisema jua ni kali. Nikaharakisha maneno, kwa sababu bwana wa hotelini alikuwa amenionya: ziara hii haiwapendezi watu, na ikilalamikiwa tena itafutwa. Nilikuwa ninamwona yule mama anarudi anasema amepotezewa asubuhi yake, nami ninarudi kula mahamri ya dada.

Tulipofika kisimani aliegemea fimbo, akatazama ukingo ulioliwa na kamba. Akauliza swali lake la kwanza siku ile. Waliokuwa wakiteka maji hapa walikwenda wapi?

Jibu la daftari lilikuwa kwamba waliondoka zamani, hakuna anayejua. Nilikuwa nimekwisha kulitoa mara nyingi. Siku ile nikasema, "Hawakwenda mahali. Mmoja wao alikuwa nyanya wa nyanya yangu." Nikaendelea. Nilimwambia Nyasa, nilimwambia mitungi, nilimwambia bega lililoshuka. Nilimwonyesha kwa bega langu mwenyewe. Yule mama alikaa kwenye ukingo akalia. Alinishika mkono akasema hatanisahau maisha yake. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona raha. Nilijiona nimeiweza kazi.

Kisha akatoa kamera. Alitaka nisimame pale pale, mkono juu ya jiwe. "Cheka kidogo," akasema. Nikacheka. Alipokwisha kupiga nikageuka, nikamwona dereva nyuma yangu, ameshika chupa ya maji aliyomletea mgeni. Tulikuwa tumezungumza Kiingereza, lakini mtu aliyeendesha watalii miaka ishirini hana asilolisikia kwa Kiingereza, wala kwa Kijerumani.

Njiani aliniuliza jambo moja tu.

"Kisima kile kina maji bado?"

"Yamo, mjomba, ila yana chumvi."

"Aa," akasema.

Aliponishusha hakuniambia niwasalimie nyumbani. Hilo nililikumbuka baadaye.

Ijumaa iliyofuata mwalimu hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu alikuja shangazi yake na mwanamke mwingine, wamejifunika, wakakaribishwa, wakauliza hali zetu mmoja mmoja, na za kuku karibu wangeziuliza. Chai ikanywewa. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Bwana," alimwambia ami, "tumefanya istikhara. Istikhara haikuja vyema. Kila mtu ana riziki yake, na sisi hatuna ila heri kwenu."

"Alhamdulillahi kwa kila hali," ami akasema.

Basi, ikawa imekwisha. Kwetu mtu akikuambia istikhara haikuja vyema, huna la kujibu. Amemwuliza Mungu na Mungu amejibu, utabishana na nani? Ndilo neno la adabu kuliko yote, na ndilo kali kuliko yote. Ami alikuwa anatafuta jinsi ya kuuliza habari ya sinia wakati dada alipotoka nalo mwenyewe. Kanga alikuwa amezikunja kama zilivyokuja, na ubani haukupungua punje. Aliliweka mbele ya shangazi kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu mnisalimie," akarudi ndani. Kesho yake aliamka kabla ya alfajiri akakanda unga wa mahamri kama siku zote.

Mimi nilikuwa nimekwisha kujua kila kitu tangu shangazi alipoweka kikombe chini. Sikusema. Nilingoja aniulize, na hakuniuliza. Na kuna baya zaidi. Yule mgeni alinisifu hotelini, na bwana mkubwa akaniita akaniambia sehemu ya kisima niirefushe. Nikairefusha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nilijiambia, msemo mzuri kwa mtu mwoga. Kwa miezi kadhaa nilimleta nyanya wa nyanya yangu pale ukingoni mara mbili kwa juma, nikashusha bega, wageni wakalia, bakshishi ikaingia. Mwalimu akaoa Vanga.

Bahasha kutoka Ulaya ilikuja upepo wa kusi ulipoanza. Barua zetu zilipitia sanduku la posta la shule, na dada ndiye aliyekwenda kuichukua. Asubuhi moja, nikiwa ninajiandaa kwenda kazini, nilimkuta amevaa buibui, amesimama mlangoni.

"Leo nitembeze mimi," akasema.

"Nikutembeze wapi, dada?"

"Huko unakowatembeza Wazungu. Nimezaliwa hapa na sijapata kutembezwa."

Nilijaribu kucheka, nikaona yeye hacheki. Tukaenda. Alinitaka niseme yote ninayowaambia wageni, nisipunguze. Nikasimama forodhani nikamwambia dada yangu, aliyeniosha uso miaka yote ile, habari za ushuru na pembe za ndovu. Wavuvi walitutazama wakadhani tumepatwa na wazimu. Nikamsomea mlango wa nakshi. Alisikiliza kwa makini kuliko mgeni yeyote niliyepata kuwa naye.

Kisimani alinitangulia. Ndani ya buibui alitoa picha iliyokuja katika bahasha, nyuma yake yule mama ameandika asante kwa habari za mteka maji, akaishika mbele yake, akalinganisha jiwe na jiwe.

"Ulisimama hapa?"

"Hapo hapo."

"Ulikuwa umekwisha kumwambia?"

"Nilikuwa nimekwisha kumwambia."

Akatikisa kichwa polepole. "Nyanya alianza kuniambia mimi, wewe ukiwa ungali unatambaa," akasema. "Na mimi nilimwambia mwalimu. Kabla ya posa, nilimwambia mwenyewe, nisije nikaingia nyumbani kwake kwa hila. Akasema hilo litakaa baina yetu wawili, halimpunguzii kitu. Angenioa nalo."

Nilisema, "Kama alijua..."

"Alijua yeye. Mjomba wake alipolisema mbele ya baraza, likawa limejulikana na watu. Mwanamume mmoja angelibeba lile. Ukoo mzima hauwezi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimewaza miezi yote hii ni jirani gani. Nikawachukia watu bure."

Nililia. Ninalisema wazi, nililia kama mtoto pale pale, na alinitazama tu, hakunishika. Kisha akainua picha tena karibu na macho. Ndani yake nilikuwa nimeweka mkono juu ya jiwe, shati la kuazima linang'aa kwa jua, meno yote nje.

"Mbona unacheka?" akauliza.

"Aliniambia nicheke."

Aliikunja picha mara mbili, akairudisha ndani ya buibui. Alitazama njia ya makaburini tulikotoka, akatazama mikoko, kama mgeni anayehofu asije akakosa kitu.

"Haya," akasema. "Na baada ya hapa huwapeleka wapi?"

"Hapana pengine," nikamwambia. "Ziara huishia hapa."