Viganja Vyenye Hina

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya huko Itaba, nilikimbilia kumbeba mtoto mchanga. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, akanizuia.

"We, acha kwanza! Mtoto iko na watu wengi wa kumuangalia. Mama iko na nani?"

Akavuta kope ya chini ya yule mama. Ndani, palipopaswa kuwa pekundu, palikuwa peupe. Hiyo ndiyo anemia: mwanamke amepoteza damu akijifungua, na madini ya chuma ya kutengeneza nyingine yamemwishia mwilini. Tukampa vidonge vya chuma. Tulimwambia asiogope choo kikiwa cheusi, na asivinywe kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Muyinga, nikajiona fundi. Foleni ya chanjo ilikuwa ndefu, basi nikaacha kope, nikawa natazama viganja tu. Cheupe, chukua vidonge. Chekundu, nenda nyumbani. Mazoea yana taabu.

Ndipo akaja Zarina, mke wa Mhindi mmoja muuza vitenge, na mtoto wa wiki sita. Alikuwa ametoka arobaini juzi tu, mikono imepakwa hina mpaka kucha.

"Dada, mi nachoka sana. Hata ngazi ya duka inanishinda."

Nikatazama viganja. Vyekundu! "Ni uzazi tu, mama, itapita."

Siku ya tatu mumewe alimleta mikononi, amezimia. Titulaire wa pale, mzee mpole, alivuta kope mara moja, kisha akanigeukia.

"Ma sœur, dada yangu, ulipima hina. Damu haukuipima."

Gari la wagonjwa likampeleka hospitali kuongezewa damu. Mimi nilibaki na mtoto wake akilia, nami nikalia naye, kwa aibu na kwa hofu. Zarina alipona. Aliporudi nilimwomba msamaha, naye akanisogezea uso: "Haya, leo angalia macho." Tangu hapo nilivuta kope ya kila mama, foleni inune isinune.

Sasa nimestaafu, niko Gitega. Juzi binti yangu alijifungua, nyumba ikajaa waliokuja kuhemba, yaani kumpongeza mzazi kwa zawadi.

"Mama, hauangalii mjukuu wako?"

"Huyo iko na wageni. We sogea hapa dirishani."

Nikavuta kope. Pekundu. Ndipo nikanyoosha mikono: "Haya, nileteeni huyo mtoto."