Makopo Mawili Kabla ya Bokoli

Mdogo wangu akinywa kahawa hulala. Mimi nikinywa hupiga watu. Laiti ningalijua hivyo mapema, kuna mzee huko Bokoli angekuwa bado na meno yake, na mdogo wangu angekuwa na mke aliyemtaka.

Tulizaliwa Kimilili, kwa baba mkulima wa kahawa ambaye hakuwahi kuionja. Kahawa ilikuwa ya kupeleka kiwandani. Ya kunywa ilikuwa chai, tena nyepesi, ili majani yafike mwisho wa mwezi. Siku moja mama alikaanga punje chache, akazitwanga, akatupa kikombe kila mmoja tuone hao wanunuzi hupenda nini. Mdogo wangu alijilaza mkekani akakoroma hadi jioni. Mimi moyo ulinigonga kama mtu aliyefungiwa ndani, na kabla jua halijashuka nilikuwa nimempasua binamu yangu kichwa kwa mpini wa jembe. Kosa lake lilikuwa kukalia kigoda changu. Baba alinichapa, baba yake binamu akanichapa pia, na mama akasema nimerithi kichwa cha babu. Hakuna aliyekitazama kikombe.

Nikakua na jina la mgomvi. Sikatai, hasira ninazo hata nikiwa nimekunywa maji, lakini hasira zangu za maji huishia mdomoni.

Miaka ya elfu mbili na kitu ilitukuta Kitale, tumepanga chumba kimoja mtaa wa Matisi. Msimu wa mavuno tulifuata trekta lililovuta mashine ya kupukuchua mahindi, shamba hadi shamba, tukila vumbi zaidi kuliko ugali. Ndipo duka la Mhindi mmoja mjini likaleta vikopo vyembamba vya kinywaji cha kuongeza nguvu, kitamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Dereva wetu alikunywa kimoja akaimba nyimbo za kanisa mchana kutwa. Mwenzetu mwingine alishinda chooni. Mdogo wangu alikunywa viwili akalala juu ya magunia, mashine ikinguruma karibu na sikio lake. Mimi nilikunywa kimoja, na alasiri nikampiga mpakiaji mmoja kwa spana, sikio likabaki linaning'inia. Alikuwa ameniuliza ni saa ngapi. Wenzangu walisema ni jua, na mimi nikakubali kwamba ni jua.

Mdogo wangu alikuwa akimpenda msichana wa Bokoli, mwalimu wa chekechea. Habari ya lile sikio ilikuwa imefika kwao, na baba yake msichana alisita sana kabla ya kukubali tuende kuzungumza mahari. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi kifungua mimba ndiye niliyepaswa kusimama mbele. Mdogo wangu aliniomba niwe mpole siku hiyo moja tu. Aliomba kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, na nilimwonea huruma.

Kwa watu wale, siku ya mahari upande wa binti una ruhusa ya kukutukana. Watakuzuia langoni, watauliza kama umeoga, watasema ng'ombe wako ni mbuzi mgonjwa. Kazi ya mgeni ni kucheka na kurudisha utani. Ndivyo wanavyoupima moyo wa nyumba ambako binti yao atakwenda kuishi. Anayekasirika ameshindwa.

Tulishuka Webuye asubuhi pamoja na wazee wetu wawili. Nilikuwa na hofu mpaka nikawa nauma kucha. Mdogo wangu aliniona, akaingia dukani, akatoka na makopo mawili ya kile kinywaji cha nguvu. Aliyafungua mwenyewe.

"Kunywa yote mawili," akaniambia. "Hii kitu hunituliza kabisa, na wewe itakutuliza."

Nilikunywa. Nilikuwa na kiu na sikuona ubaya wowote.

Tulipofika langoni nilikuwa natembea haraka kuliko wote. Mjomba wa msichana, mzee wa fimbo na kofia, alitusimamisha. Akawauliza wazee wetu kama wametoroka hospitali, wakacheka. Akasema mdogo wangu ana miguu ya kuku, mdogo wangu akacheka. Kisha akanigusa kifua kwa ile fimbo.

"Mama yenu aliiba kuku ya kanisa," akasema. "Sasa nyinyi mmekuja kuiba msichana?"

Kila mtu alicheka. Ulikuwa utani wa kawaida, na hata mama angeucheka. Mimi nilimnyang'anya fimbo nikampiga nayo mdomoni. Alipoanguka nilimpiga tena, mara ngapi sijui, na nakumbuka kwa aibu kwamba nilisikia raha. Fimbo ilivunjika, nikaendelea kwa buti. Vijana wa boma walinijia na viti na michi. Mmoja alikilenga kichwa changu kwa kigoda, mdogo wangu akajitupa katikati, kigoda kikampata usoni. Damu yake iliniruka shingoni ikiwa ya moto. Wazee wetu walikuwa wameshakimbilia kwenye miwa.

Msichana alikuwa mlangoni pa jikoni na sinia la chapati. Hakunitazama mimi. Alimtazama mdogo wangu, aliyepiga magoti akishika jicho.

"Huyo ndiye watoto wangu watakayemwita baba mkubwa?" akamwuliza. "Rudi kwenu, tafadhali."

Akaingia ndani na chapati zake. Mdogo wangu hakuoa kamwe. Lile jicho halifunguki vizuri hadi leo.

Nilihamia Bungoma, maana Kitale nilikuwa nimebakiza maadui tu. Miaka michache baadaye nilikwenda kliniki moyo ukinipiga ovyo, na muuguzi mmoja mama akaniuliza nimekunywa nini asubuhi hiyo. Nikamwambia kopo moja. Akanieleza habari ya kafeini: miili haifanani, mmoja humlaza, mwingine humwimbisha, mwingine humpandisha kichaa. Nilikaa kwenye benchi nikarudi nyuma kimawazo, kikombe cha mama, spana, Bokoli. Nililia kwa furaha. Kumbe mimi si mnyama.

Siku hiyo hiyo nilipanda gari la Kitale kumwambia. Nilimkuta Matisi amekaa nje ya chumba chake, kopo moja tupu miguuni, macho mazito, lile bovu limeshafumba. Aliona nilivyohema. Hakuniuliza kilichonileta. Alilifungua kopo la pili, alilokuwa amejiwekea mwenyewe, akanipa.

"Kunywa," akasema. "Itakutuliza."

Nililitazama lile kopo mkononi mwangu. Nikimwambia kosa ni la kopo, nitakuwa nimemwambia pia ni mkono wa nani ulionipa makopo ya Bokoli.

Niliweka kopo chini nikasema sipendi vitu vitamu. Alicheka kidogo, akasema nina roho mbaya tangu utotoni, hata ukarimu wa ndugu naukataa. Nikamwambia ni kweli, ndivyo nilivyozaliwa. Akalichukua kopo, akalinywa, akalala pale pale akiwa ameegemea bega langu.