Kipande cha Baba Juu ya Mlango Mbovu

Udongo wa kichuguu ukilowa huwa na harufu yake, na ukiuchanganya na uji wa muhogo uliolala, harufu hiyo huchachuka kidogo, kama kibuyu ambacho hakikusuuzwa vizuri. Mpaka leo nikipita mahali watu wanakandika nyumba, pua inanirudisha uani kwa shangazi yangu, mtaa wa Nsemulwa mjini Mpanda, mwaka mmoja wa miaka ya tisini. Nina miaka kumi, nimechuchumaa mbele ya mlango mbovu uliolazwa juu ya matofali chini ya upenu, mikono imejaa tope hadi viwikoni. Juu ya mlango huo nilikuwa natengeneza ardhi ya kupitishia reli. Reli yenyewe haikunisumbua: nilinyoosha nyaya za tairi lililoungua, nikazilaza juu ya njiti za kiberiti, ikaisha. Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki. Kazi ilikuwa ardhi, kwa sababu nilitaka ifanane na mahali ambapo sikuwahi kufika hata siku moja.

Mahali hapo palikuwa kipande cha baba. Baba alikuwa mtu wa genge, mmoja wa wale wanaume waliokaa kambini kando ya reli kutunza njia, kila genge na kipande chake: kufyeka nyasi, kujazia kokoto, kubadilisha mataruma yaliyochoka kubeba reli. Kambi yake ilikuwa porini huko, ukishapita Katumba kuelekea mto Ugalla, kwenye mbung'o wengi na bila shule, kwa hiyo mimi nilikaa mjini na dada yake. Mama alikuwa amerudi kwao Majimoto na kuolewa tena, na habari hiyo haikuzungumzwa nyumbani. Shangazi aliuza dagaa sokoni tangu asubuhi mpaka jua linapopoa, na watoto wake walishakua wakaenda zao. Nikitoka shule nilikuta ufunguo chini ya chungu, kiporo kwenye sufuria, na nyumba imenyamaza. Nilikuwa mpweke, nasema hivyo bila kupamba. Kuna siku nilimsimulia kuku yaliyotokea darasani.

Kila mwisho wa mwezi baba alikuja na treni ya Jumamosi, na Jumatatu akarudi. Alileta chupa ya asali, ananuka grisi na moshi wa kuni. Nilimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mama," maana nilirithi jina la mama yake, kisha hapo maneno yalikwisha. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikaa barazani na redio yake mapajani, nami nilikaa karibu nikitafuta cha kumwambia na kukikosa. Nilikuwa nimejiandalia mwezi mzima mambo ya kumwuliza, yote yakanikauka mdomoni. Jumatatu nilimsindikiza stesheni, tukaagana kama watu waliokutana foleni ya bomba.

Mlango ule niliuanza mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Niliwaza kwamba kama siruhusiwi kwenda kwenye kipande chake, basi kipande chake kije uani. Nilipondaponda udongo wa kichuguu, nikauchekecha kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa, nikaukanda kwa uji wa muhogo usije ukapasuka, nikainua tuta katikati. Pembeni nilinyunyiza majani ya chai yaliyotumika, nimeyakausha juani, yawe majani makavu ya msituni. Pumba za mpunga zilikuwa nyasi. Miti ilikuwa vijiti vyenye vipande vya dodoki nilivyovichovya kwenye maji ya majani ya maboga mpaka vikawa kijani. Shangazi aliporudi na ndoo yake ya dagaa alisimama, akatazama, akasema, "Mlango wangu umeugeuza shamba. Utalima nini humo, kiberiti?" Lakini hakunikataza.

Baba alipokuja alipita pale akienda kunawa, akasimama. Alitazama muda mrefu. Kisha alichuchumaa, baba yangu ambaye magoti yake yalikuwa yanamlalamikia tangu ujana, akanyoosha kidole. "Udongo wa tuta haufanani na wa porini," alisema. "Tuta limejengwa kwa udongo uliochimbwa pembeni. Kwa hiyo pembeni lazima kuwe na shimo. Masika linajaa maji, vyura wanapiga kelele mpaka hatulali." Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Aliendelea. Kokoto zangu zilikuwa safi mno, alisema, za kweli zina kutu na mafuta yanayodondoka. Nyasi hazikai karibu na reli hivyo, wao wanazifyeka kwa mikono yao, anaujua uchungu wake. Na kalavati liko wapi, lile bomba la kupitisha maji chini ya tuta? Maji yanatoka upande huu yanakwenda ule, yakikosa njia yanalila tuta. Tulikaa pale mpaka shangazi akatuita kula mara tatu.

Mwezi mzima nilirekebisha. Nilichimba shimo pembeni, nikatia majivu chini na kipande cha nailoni juu kiwe maji. Kokoto nilizichovya kwenye mafuta machafu niliyoomba kwa fundi baiskeli, nikazipaka vumbi la kutu la ndoo kuukuu. Kalavati nililitengeneza kwa bua la jani la mpapai, maana lina uwazi katikati, likapita chini ya tuta vizuri kabisa. Baba aliporudi alikubali yote hayo, ila miti akaitikisia kichwa. Tulikuwa tunakaribia mwezi wa tisa, na mwezi wa tisa miti ya porini haiwi kijani, inachipua majani mekundu kabla mvua haijafika, na chini nyasi zimeungua, ardhi nyeusi tii. Akanieleza jinsi moto unavyopita, jinsi harufu yake inavyokaa kwenye mashuka wiki nzima. Akanieleza tembo wanavyovuka reli wakaacha kokoto zimemwagika, nao watu wa genge wanazirudisha kwa beleshi, na kesho yake tembo wanavuka tena. Alicheka alipolisema hilo. Nilikuwa sijui kwamba baba ana mwanya.

Basi nikafanya bidii ya kijinga. Nilipaka miti vumbi la matofali ikawa myekundu, nikapiga ardhi mkaa uliosagwa, nikaacha vishina vidogo vya nyasi vilivyoungua, na hapa na pale nikachomeka uzi mmoja wa kijani, kwa sababu baba alikuwa amesema nyasi huchipua hata mvua haijanyesha. Nilimwaga kokoto kidogo mahali pamoja, pa tembo. Mwisho wa mwezi wa tisa alikuja, akachuchumaa, akazunguka mlango wote kwa macho. Akasema, "Naam. Ndiyo yenyewe." Akainuka, akanawa mikono, akaenda barazani kuwasha redio. Jumapili hakurudi uani. Jumatatu akaondoka. Nililia nyuma ya choo, na kilichoniliza zaidi ni kwamba sikujua kosa langu liko wapi.

Nilipolijua, nililijua ghafla, nikiwa nafua sare. Kosa langu ni kwamba hapakuwa na kosa. Basi mwezi wa kumi nikakosea. Nilichora kijito cha kupita kwenye kalavati, nikakiinua upande wa chini ili maji yaonekane yanapanda kilima, na baba alishinda pale tangu mchana hadi jioni akinifundisha maji yanavyopenda kwenda. Mwezi uliofuata nilipanda miti ikaribiane na reli. Msidhani kukosea kwa makusudi ni kazi rahisi. Kosa likiwa dogo analimaliza kwa dakika tano, likiwa la ajabu sana atajua. Nililala nikiwaza makosa kama watoto wengine wanavyowaza mandazi.

Shangazi alinikamata. Aliwahi kurudi siku moja akanikuta nang'oa kitu ambacho baba alikipanga kwa mkono wake mwenyewe. Alinitazama, akamtazama kuku, akanitazama tena. "Nyie watu wa ukoo huu mna shida," alisema. "Si mngeongea tu kama watu?" Nilimwomba asimwambie. Alisema hana muda wa kusema habari za tope, ana dagaa wa kuanika. Nilimwamini, lakini siku hizi ninaona niliamini haraka.

Mwezi wa kumi na mbili nilitaka jambo kubwa. Baba alikuwa na ruhusa ya kuja kabla ya Krismasi, na niliogopa ataondoka sikukuu haijafika. Nilihitaji kosa la kumweka siku nne, tano. Nikachukua udongo mbichi nikaliziba kalavati, lile bua la mpapai, pande zote mbili, nikashindilia kwa kidole gumba. Nilijua maana yake. Alishaniambia: maji yakikosa njia yanalila tuta. Atalazimika kubomoa tuta lote, nilisema moyoni, na kulijenga upya, na mimi nitakuwa namshikia kokoto.

Siku mbili baadaye mvua ilianza, na haikuwa ya mchezo. Ilinyesha mchana kutwa, ikapumzika, ikanyesha. Treni ya Jumamosi haikuja. Shangazi alirudi kutoka sokoni na neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu: njia imekatika, huko mbele ya Katumba, kalavati limeziba na maji yamebeba tuta, reli zinaning'inia hewani. Shangazi alikwenda stesheni kuuliza, akaambiwa magenge yote yako kazini kwenye maji na hakuna habari zaidi. Mtu mzima angejua la kuwaza. Mimi nilijua jambo moja tu, kwamba nimeiziba njia ya baba yangu kwa kidole gumba changu, na sasa maji yamemchukua.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda uani mvua ikinipiga mgongoni, nikazibua bua kwa spoki ya baiskeli, lakini udongo ulishashika na spoki ikapasua bua, ikabidi nitafute bua jingine, nibomoe, nijenge. Nikarekebisha kijito. Nikasogeza miti, nikaifuta wekundu wake, maana mvua zikinyesha majani huwa yameshakuwa kijani. Nilirekebisha hata mambo ambayo baba hakuwahi kuyasema. Kila siku nilimwaga kikombe cha maji upande mmoja na kuangalia yakitokea upande wa pili, na yakitokea nilisema, haya, yamepita, sasa arudi. Sikula vizuri. Shangazi alidhani nina malaria akanichemshia majani machungu, nikanywa bila kubisha, nikiona ninastahili.

Siku ya kumi na moja baba aliingia uani kwa miguu, tope limemkauka mpaka mapajani, macho mekundu. Sikumwamkia. Nilisema, "Ni mimi niliyeliziba." Alisimama. Nikamwambia yote, kijito, miti, kalavati, Krismasi, kwa haraka na kwa kamasi. Alingoja nimalize. Kisha akasema, "Lile liliziba kwa gogo, mama. Gogo la mninga, wanaume sita tumelivuta kwa kamba. Wewe unafanana na gogo?" Nikasema hapana. "Basi."

Alikwenda kwenye mlango, akachuchumaa polepole, akatazama kila kitu. Maji yalikuwa yanatiririka chini ya tuta, sawasawa. Akasema, bila kuniangalia, "Kwa hiyo leo hukuniachia kitu." Nikamwuliza kitu gani. "Cha kurekebisha," alisema. "Mtu aliyepanga kokoto za tembo vile hawezi kunipandishia maji kilimani. Hata mbuzi wa jirani anajua maji hayapandi." Masikio yaliniwaka. Alikuwa ameyajua tangu mwezi wa kumi, na kila mara alikuja akayarekebisha taratibu, tangu mchana hadi jioni. Kisha akaweka kidole chake kikubwa, chenye kucha iliyovunjika, juu ya tuta langu nililolisumbukia siku kumi na moja, akalibomoa katikati, reli zikabaki zinaning'inia. "Lilikatikia hapa," alisema. "Lete udongo." Alikuwa amepewa siku nne. Tulizitumia zote, na sikukuu ilitukuta pale.

Mlango ule ulikuja kuliwa na mchwa, maana udongo wa kichuguu una wenyewe, nami nilishakwenda shule ya bweni. Mpanda nayo imekuwa mji mkubwa, makao makuu ya mkoa, na uani pale kwa shangazi pamejengwa vyumba vya kupangisha. Shangazi alishafariki. Baba amestaafu, anakaa chumba cha mbele. Mimi nakaa mji huuhuu, dakika kumi kwa bodaboda, na naona aibu kuandika kwamba wakati ule alipokuwa porini nilimwona kila mwezi, na siku hizi miezi miwili inapita. Nina kazi, nina watoto, nina visingizio vya kutosha. Nikimpigia simu tunaulizana hali, tunajibiana nzuri, tunanyamaza.

Wiki iliyopita alinipigia yeye. Alisema redio imekufa, kama nitapata nafasi nipite niiangalie. Nilikwenda Jumamosi. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikakuta betri zote nne zimewekwa kinyume, kichwa mahali pa mkia. Baba yangu amesikiliza redio tangu sijazaliwa, na macho yake bado yanaona nzi ukutani. Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama mtaani, mikono juu ya magoti, kama hajui lolote. Nikaurudisha mfuniko polepole. Nikamwambia hii imeharibika vibaya, baba, hii itachukua mchana mzima, aniletee kisu na mkeka. Aliinuka haraka kuliko nilivyomwona akiinuka mwaka mzima, akaenda kuvileta.