Kahambu Wawili na Rangi ya Kijani

Uvumi ulianzia kwenye bomba la maji, ukanifuata mpaka kanisani: kompyuta ya kituo cha afya hapa Kabondo inakula watoto. Ukipeleka mtoto ambaye jina lake limo tayari, wako anafutwa. Nilijaribu kucheka, nikashindwa. Nyumbani nina Kahambu, ana miaka mitatu. Siku nne neno hilo halikunitoka kichwani. Siku ya tano nikaenda kumtafuta mtu anayeijaribu hiyo kompyuta.

Saa moja asubuhi, umeme umerudi. Élise, miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Isangi, anaweka kikombe cha chai chini, anabonyeza mara moja, kisha anakunja mikono. Kwenye kioo mistari inashuka mmoja mmoja: kijani, kijani, kijani. Haigusi kompyuta tena. Majaribio mia moja arobaini na tatu yanajiendesha yenyewe kwa dakika kumi na moja: lililofaulu ni la kijani, lililoshindwa ni jekundu.

"Mbele tulikuwa tunafanya kwa mukono," anasema. "Batu wawili, siku mbili nzima. Courant ikikatika, bon, unaanza upya."

Timu yao ni watu wanne. Wanatengeneza programu ya kuandikisha watoto wanaochanjwa surua, hasa wa familia zilizokimbia vita vya mashariki. Shirika lililoagiza programu haliipokei mpaka lione kwamba inafanya kile kilichoombwa. Ni kama kwa fundi cherehani: unalivaa gauni mbele yake, unainua mikono, unakaa, ndipo unalibeba. Élise ameifundisha kompyuta ilivae gauni yenyewe kila asubuhi.

Mwenzake Pierre, mtoto wa Wagenia, wavuvi wanaosimika miti kwenye maporomoko na kutega samaki, hamwachi apumue. "Kwetu tunapanda juu ya miti, tunaangalia kitego kwa macho," anamwambia. "Weye unataka kitego kikutumie message: samaki iko!"

"Na weye ulianguka mara ngapi kwa maji, Pierre?"

Wanacheka. Halafu Élise anageuza kiti kunielekea, kwa sababu anajua nimekuja kuuliza nini.

Mwezi wa tatu, anasema, mistari yote ilikuwa ya kijani. Wauguzi waliomba jambo moja kwa mkazo: mtoto asichomwe mara mbili. Kila mama alikuwa anapewa sabuni, na wengine walirudi kwenye mstari. Élise akaandika jaribio. Kompyuta inamwandikisha mtoto, inajaribu kumwandikisha tena, na mara ya pili lazima ikatae. Mtoto anatambuliwa kwa jina lake, jina la baba, na mwaka wa kuzaliwa. Kijani. Timu ikapiga makofi.

"Majina ya kujaribia nilitunga mimi," anasema. "Kwetu Isangi, jina la mutoto, la baba, na mwaka, vikifanana vyote, basi ni ule ule mutoto. Sikujua kama kuna batu bengine."

Watu hao wengine ni sisi. Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Nenda soko lolote, ita Paluku, wageuke wanaume watano. Ita Kahambu, uone. Katika timu nzima hakuna Mnande hata mmoja, na hakuna aliyewahi kutuuliza.

Siku ya chanjo, Mama Félicité, aliyetoka Lubero kwa miguu na kwa lori, alifika na binti yake. Muuguzi akaandika: Kahambu, baba Paluku, 2021. Kompyuta ikakataa.

"Mama, mutoto huyu alishachomwa."

"Nani alimuchoma? Niko naye mugongoni tangu Lubero. Mimi nilikuwa wapi?"

"Mashine ndiyo inasema, mama. Sabuni ulishachukua. Pisha bengine."

"Weka sabuni yako! Angalia mukono wa mutoto!"

Watu kwenye mstari walimcheka. Alipisha.

Wiki tano baadaye Kahambu wake alishikwa na surua. Siku kumi na mbili alilala, macho hayafunguki. Alipona, lakini sikio la kushoto halisikii vizuri. Uvumi wa bombani ulianzia hapo. Akina mama wengi wakaanza kuwaficha watoto.

Nilimuuliza Élise: basi yule Kahambu wa kwanza, aliyechanjwa kweli, ni nani?

Akafungua orodha, akageuza kioo kwangu. Kahambu, baba Paluku, 2021, wa nane kwenye mstari. Jina la mama: langu.

Nilikumbuka asubuhi ile. Niliwahi mapema, nikafurahi kumaliza upesi. Sabuni yenyewe nilifulia mashuka.

Baada ya mazungumzo yetu Élise aliandika jaribio jipya, la mia moja arobaini na nne: Kahambu wawili, baba Paluku wawili, mwaka mmoja, mama tofauti, wote wapokelewe. Mstari ukawa mwekundu, kwa sababu programu ilikuwa bado inakataa. Kiongozi wa timu, papa Hilaire, hakupenda. Shirika lilikuwa linakuja Ijumaa kupokea kazi.

"Toa ile test kwanza," alimwambia. "Ijumaa wanataka kuona vert, kijani tupu. Utairudisha lundi, wakishaenda."

"Papa Hilaire, tulikuwa vert siku mutoto alirudishwa."

"Donc unataka tupoteze kazi?"

"Nataka baone."

Ijumaa waliona. Jaribio la mia moja arobaini na nne likiwa jekundu, wageni hawakutia sahihi. Kazi haijapokelewa mpaka leo, na Hilaire hamsalimu Élise ila akitaka kitu. Lakini kituo kimerudia daftari kwa muda, na muuguzi anaangalia mtoto kabla ya jina.

Siku hizi kila Jumanne Élise huja uani kwa Mama Félicité, anakaa kwenye kibao, na kalamu mkononi. "Bamama, nipeni kisa kitakachoshinda mashine."

"Mapacha!" anasema mmoja.

"Mutoto bila baba."

"Mimi kwa karatasi niko na bwana wawili," anasema mwingine, "lakini usiandike, wa pili anaweza kusoma!"

Élise anaandika yote. Pierre anabadilisha programu. Majaribio sasa ni mia moja sitini na moja. Lile la Kahambu wawili limegeuka kijani Jumatatu hii. Mawili bado ni mekundu.

Chanjo nyingine itaanza mwezi ujao. Élise anataka mtoto wa kwanza kuandikwa na kompyuta awe Kahambu wa Lubero. Nilimuuliza Félicité kama atampeleka. Alisema: "Weye njoo na wako. Tusimame pamoja, mbele yao, wote wawili." Nimekubali. Nina hofu, lakini nitakwenda.

Kwa mnaotengeneza mashine hizi, na kwa wazazi wenzangu, haya tuyaepuke:

Kutunga majina ya kujaribia bila kuuliza watu wanavyoitwa.

Kuondoa jaribio jekundu kwa sababu wageni wanakuja.

Kudhani kijani ni jibu la swali ambalo hamkuuliza.

Kumficha mtoto kwa sababu ya maneno ya bombani. Surua haisikilizi uvumi.

Kumcheka mama anayebishana kwenye mstari. Nami nilikuwa nimesimama pale nje nikimngoja jirani, nikacheka.

Kumwambia arudi nyumbani kabla hujamtazama mtoto aliye mgongoni.