Dungu la Generose

Msimu mpunga unapotoa maziwa, punje zikiwa bado laini, watu wa Nyakabere hatukuwa na haja ya saa. Jua lilikuwa bado halijapanda juu ya milima ya Burundi, na sauti ya Generose ilikuwa imekwisha kupita mashamba yote mpaka kwenye barabara ya Sange. "Ooya! Hapa iko mwenyewe!" Ndege walioamka na njaa walimsikia, wakageuza mabawa kwenda kutafuta mashamba ya wavivu. Ndivyo tulivyosema wakati ule, wavivu, na neno hilo lilikuja kumwangukia yeye mwenyewe.

Kufukuza ndege ni kazi, asikudanganye mtu. Unapanda juu ya dungu, kitanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, unashika kamba zenye makopo, unaweka karibu kombeo na madonge ya udongo, na tangu asubuhi mpaka jioni mgongo hauonji kupumzika. Ndege wale wadogo wanashuka mia kwa mia. Ukienda kujisaidia tu, ukirudi wamekwisha kunyonya mistari miwili. Kila mtu ana mwito wake, na majirani wanajua nani yuko kazini kwa kusikia, bila kuinua macho. Shamba likinyamaza, watu wanauliza kama mwenyewe yu mzima.

Shamba lile lilikuwa la mume wake Clovis, aliyekufa miaka saba iliyopita na kumwachia binti mmoja, Délice. Siku ya kumaliza kilio, baba mkwe wake, Mzee Ngendakumana, alisimama mbele ya ukoo akasema maneno ambayo kila mtu aliyashika. "Shamba la Clovis linabaki kwa Generose wakati wote analilinda. Siku mwenyewe atasema kama nguvu zimeisha, lirudi kwa Mathieu." Mathieu ni mdogo wake Clovis. Mzee mwenyewe alifuata kaburini mwaka uliofuata, lakini neno lake halikuzikwa naye. Generose alilisikia kila alipopanda dungu, na nadhani ndiyo sababu alipiga kelele kuliko sisi wote.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kila mpunga ulipochanua, ngozi yake ilimwasha. Miaka mingine ilikuwa vipele vya mikono, alipaka mafuta ya mawese, vikapita. Mwaka jana ulikuwa mwingine. Mwili ulimvimba mabaka, macho yakazibika, akajikuna mpaka damu. Délice, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na moyo mwepesi wa kumhurumia mama yake, alipanda taxi-bus mpaka soko la Sange, akarudi na vidonge vidogo vya njano vilivyofungwa katika karatasi ya daftari. Muuzaji alimwambia kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Zaidi ya hapo hakusema kitu.

Siku ya pili mabaka yalitulia. Generose alimshukuru Mungu, akamshukuru na binti. Siku ya nne kuwashwa kulitaka kurudi, basi wakaongeza, viwili viwili. Kizuri, walisema, ukikiongeza kinazidi kuwa kizuri.

Uzito ulianza miguuni. Alishika ngazi ya dungu asubuhi, akapumzika kwenye kijiti cha tatu kama mwanamke wa miaka themanini, naye hamsini hajafika. Mdomo ulimkauka. Alifungua kinywa kuita, sauti ikatoka nyembamba, ikafia palepale kwenye shamba lake mwenyewe. Aliwaona ndege wakishuka. Aliwaona vizuri kabisa. Akawaza kuvuta kamba, na mkono ukakaa pajani bila kwenda popote, na ajabu ni kwamba hata uchungu haukumjia upesi. Ulikuja jioni nyumbani, pamoja na aibu.

"Mama, weye iko na nini?" Délice aliuliza alipomwona analala na chakula mkononi.

"Minye niko muzima. Nimechoka kidogo tu."

Binti akampa vidonge vyake, na maji.

Consolée, rafiki yake wa shamba la jirani, ndiye aliyesikia ukimya. Asubuhi moja alisikiliza upande wa Generose, hakusikia ila mabawa. Alikuja mbio akipiga kopo. Ndege waliinuka wengi hata wakatia kivuli, na juu ya dungu Generose alikuwa amelala ubavu, kombeo limemwangukia chini, mdomo wazi umekauka. Nusu ya shamba ilikuwa imebaki makapi matupu. Consolée alimtikisa, akadhani amekufa. Alipofumbua macho alisema tu, "Nilimwona Clovis. Alikuwa ananingojea kwenye kivuko cha mto."

Maneno hayo yalitembea kuliko pikipiki. Wengine walisema marehemu anamwita. Wengine walisema uvivu, kwamba mjane amenenepa. Mimi pia nilisema langu, sitajificha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza alichokuwa anameza.

Mathieu aliita ukoo Jumapili baada ya misa. Si mtu mbaya Mathieu, tumpe haki yake. Mtoto wake wa kwanza, Fiston, alikuwa ameoa na hana hata mstari mmoja wa kulima, na shamba zuri la maji lilikuwa linaliwa na ndege mbele ya macho yao. Alimkalisha Generose kwenye kiti kizuri, akamuuliza kwa upole.

"Shemeji, uko mgonjwa? Kama uko mgonjwa useme, tukungojee upone."

"Sina homa."

"Kuko dawa unakunywa?"

Hapo ndipo kila kitu kilipopotea, na kilipotea kwa neno dogo. Kwetu dawa ni ya malaria, ni sindano, ni ile kali ya tumbo. Vidonge vya kujikuna ni kama mafuta ya kupaka, nani anavihesabu? Generose alifikiri taratibu, kwa maana siku zile alifikiri kila kitu taratibu, akajibu kweli jinsi alivyoijua.

"Hapana. Hakuna dawa."

"Sasa ni nini, shemeji?"

Aliangalia mikono yake. Alikuwa amejiuliza swali hilo wiki tatu na jibu lilikuwa moja tu. Alikuwa ameshawishika kwamba uhai unamtoka, kwamba mwili umekwisha kazi yake, na hakuwa na nguvu hata ya kuogopa. "Nguvu zimeisha," alisema. "Nimechoka kweli."

Watu wote waliokuwapo walisikia. Ulimi hauna mfupa. Délice aliyekuwa mlangoni alianza kulia, lakini hakuweza kumwambia mama yake arudishe neno, kwa sababu hata yeye aliliamini. Mathieu naye alifuta macho. Wiki hiyo hiyo Fiston alikata mpunga uliobaki, akaanza kupiga matuta katika shamba lile.

Mwezi ulipita. Generose alilala, akaamka, akalala tena, na vidonge viliendelea, maana Délice aliogopa mabaka yasirudi. Mwishowe binti alimpandisha nyuma ya baiskeli, akamsukuma mpaka kituo cha afya. Mganga Élisabeth alipima damu, akapima presha, hakuona kitu. Kisha akasema wamwonyeshe kila kinachoingia mdomoni mwa mama, hata kama ni majani. Délice akafungua karatasi ya daftari.

"Ngapi kwa siku?"

"Sita."

Élisabeth alishika kidonge kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akakitambua. Halafu akaeleza polepole kwamba dawa hiyo ya zamani inatuliza ngozi lakini inalaza na mwili. Inakausha mdomo, inamfanya mtu akae, asitake kuinua hata mkono. Na sita ni nyingi. Kuko nyingine zisizolaza sana. "Mama hakuishiwa nguvu," alisema. "Nguvu zake zilikuwa zimelazwa."

Siku ya nne bila vidonge vile, Generose aliamka jogoo wa kwanza, akalima uwanja wote nyuma ya nyumba kabla ya chai. Délice alicheka kwa furaha. Mama yake aliketi juu ya mpini wa jembe akalia, akalia vile ambavyo hakulia hata siku ya kumzika Clovis, na binti alipomshika bega alisema, "Nilikuwa muzima. Yote ile, minye nilikuwa muzima."

Alikwenda kwa Mathieu. Mathieu alimsikiliza mpaka mwisho, na aliumia, ilionekana. Lakini Fiston alikuwa amekwisha kupanda, na mke wake Fanny ana mimba. "Shemeji," alisema, "nilikuuliza mbele ya watu. Nilikuuliza dawa. Maji yakimwagika hayazoleki." Generose aliaga akaenda zake, maana Mathieu alimuuliza kweli.

Sasa analima mashamba ya wengine, kibarua cha kupalilia, na jembe lake halina mchezo. Msimu huu, mpunga ulipotoa maziwa, alikuwa anapita kwenye ukingo wa mfereji akielekea kwa Consolée. Ndege walishuka. Fanny alikuwa juu ya dungu, tumbo mbele, anaita kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa. Generose aliweka jembe chini. Hakufikiri.

"Ooya! Hapa iko mwenyewe!"

Waliinuka wote mara moja. Mashambani watu walisimama na kuangalia upande ule, na Consolée akaweka mkono mdomoni.

Fanny alishuka, akamsalimia kwa heshima kama mkwe. "Mama, minye hawanisikie. Unafanya je?"

Generose alimwangalia msichana, akaangalia tumbo lake. "Usiite na koo," alisema. "Ita na tumbo. Na usiwangojee washuke, waite wakiwa bado juu. Ngoja nikuonyeshe."

Alipanda ngazi haraka, vijiti vyote sita bila kushika pembeni. Alivuta kamba moja moja, makopo yakajibu kila pembe. Aliita mara moja tu, na safari hii aliacha lile neno "mwenyewe." Kisha akakabidhi kamba, akageuka kushuka. Alishuka polepole sana, akipumzika kwenye kila kijiti, na siku hiyo hakuwa amemeza kidonge chochote.