Mheshimiwa Asiyeshika Jembe

Zablon Masolwa wa Bukene alikuwa amegombea mara tatu na kushinda mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyomharibu. Mwaka 2010 alipita kuwa diwani, akashona suti ya kijivu, akaacha kuitika jina lake mpaka litanguliwe na Mheshimiwa. Mwaka 2015 wananchi wakampumzisha. Mwaka 2020 aliona udiwani umekuwa mdogo kwake, akachukua fomu ya ubunge. Kwenye kura za maoni za chama aliambulia kura saba, akarudi nyumbani akidai wajumbe wamerogwa. Mwaka 2025 akashuka tena mpaka kwenye udiwani, akasema ni kwa heshima ya wazee waliomwomba. Wazee hao hakuna aliyewahi kuwaona.

Jukwaani alipenda kupaza sauti: "Babu yangu aliongoza wapagazi kutoka hapa Unyamwezi mpaka Bagamoyo!" Huenda ni kweli. Ila babu alibeba pembe za ndovu begani, na mjukuu hajapata kubeba hata jembe.

Na jembe ndilo lililokuwa kasoro yake. Kijijini kwao, msiba ukitokea, wanaume wa kitongoji huamkia makaburini na kupokezana majembe na sepetu. Hata mwalimu mkuu huvua viatu akaingia shimoni. Zablon hakukosa msiba hata mmoja, lakini kila mara alifika kaburi likiwa limekwisha kuchimbwa. Alishuka garini, akatoa bahasha, akasubiri itangazwe kwenye kipaza sauti, kisha akasema, "Naomba udhuru, nina msiba mwingine mbele." Vumbi la gari lake ndilo lililobaki kuomboleza.

Mkewe Dafrosa alimwonya. "Baba Koleta, watu wanakutazama mikono."

"Mikono ya kiongozi ni ya kupungia, mama Koleta."

Zikiwa zimebaki siku chache kura za maoni zipigwe, mama yake, Recheli, akafariki. Zablon alilia, na alilia kweli, maana alimpenda. Lakini machozi hayajakauka alikuwa ameshapiga simu Tabora, kwa jamaa wa mtaa wa Ng'ambo, kukodi maturubai na spika. Wajumbe wote watakuja, aliwaza, na moyo wake ukachangamka kidogo.

Wakaja kweli. Wa kwanza alikuwa Mathias, mwenyekiti wa kitongoji, amevaa shati jeupe la kanisani. Akampa mkono, akampa bahasha.

"Pole sana, Mheshimiwa. Naomba udhuru, nina msiba mwingine mbele."

Wa pili akasema hivyohivyo, neno kwa neno. Wa tatu naye. Jua likapanda, mchungaji akaanza kutazama saa, na majembe yalikuwa bado yameegemea ukuta.

"Hawa watu wana nini?" Zablon alinong'ona.

"Si umewafundisha mwenyewe?" Dafrosa akamtupia jembe miguuni. "Mama atalala wapi?"

Zablon akaliokota, akaenda makaburini, akavua koti. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu, jembe likawa linadunda, na malengelenge yakamtoka na kupasuka. Aibu ilimchoma kuliko jua. Mama yake alikuwa amejitwisha ndoo za maji kwenye misiba ya kijiji kizima mpaka mgongo ukapinda, na leo angekosa kaburi kwa sababu ya mwanawe. Akalia tena, na safari hii hakutazama kama kuna anayemwona.

Shimo lilipomfika magotini akasikia vishindo. Mathias na wenzake walikuwa wamerudi, mashati meupe wameyavua, majembe begani. Hawakwenda mbali; walikuwa wamekaa nyuma ya ghala lililo jirani na makaburi wakimsikiliza anavyohema. Wakamvuta juu, wakaingia wao, na kabla ya ibada kaburi lilikuwa tayari, kona zake zimenyooka.

Baada ya maziko Zablon alimsogelea Mathias, viganja vimefungwa vitambaa. Angenyamaza tu, siku ingekwisha vizuri. Lakini ulimi ulikuwa umezoea.

"Ndugu yangu, leo nimeuona upendo wenu. Kwa hiyo, kwenye kura za maoni tuko pamoja?"

Mathias alikung'uta udongo kwenye jembe lake, taratibu.

"Mheshimiwa, leo tumekuja kumzika mama. Wewe tulishakuzika mwaka 2015."